Siku Ulipombeba Bibi

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Hukunilea hivyo.

Unaukumbuka ule mvule uliokuwa juu ya nyumba yetu Vidunda? Masika moja udongo uliporomoka ukaiacha mizizi ya upande mmoja nje, na tangu hapo kila upepo ulipovuma wewe uliacha chakula ukatoka kuutazama. Mwishowe ukateremka hadi Kilosa kufuata kibali cha kuukata. Ulirudi na kibali mfukoni na kitabu kwapani, kitabu cha hesabu kilichochakaa, jalada limeshonwa kwa uzi.

"Muuzaji anasema kinafundisha chenyewe," uliniambia.

Nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amehamishwa kabla hatujafika kwenye trigonometria.

Kilifundisha kweli, Baba. Hakikuanza na kanuni. Kilianza na ngazi iliyoegemezwa ukutani, kikauliza: ukiivuta nyuma kwa chini, ncha yake ya juu itafika wapi? Nikachukua ngazi yetu nikajaribu. Swali lilizaa swali, na kila nilipokwama nilikuta mchoro, kana kwamba mwandishi alijua nitakwama hapohapo. Wewe ulikaa kando yangu ukipukuchua mahindi. "Soma kwa sauti," ulisema. Kiingereza hukukielewa, lakini ulisikia niliposita, na kila niliposita uliniambia, "Rudi nyuma kidogo." Hivyo ndivyo tulivyojifunza tanjenti, mimi nikisoma, wewe ukisikiliza.

Kisha ikafika siku ya kukata. Fundi wa msumeno alipanda kutoka Mikumi na vijana wake, akauzunguka mti, akasema atauangusha bondeni.

"Na ukigeuka?" ulimuuliza.

"Mzee, haugeuki," alisema akicheka.

Hukucheka naye. Ulikuwa ukitazama chumba cha Bibi, mama yako, upande wa pili wa mti. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, hakanyagi chini, na alikwishasema hatoki. "Nimezika watu wangapi kutoka nyumba hii," alituambia, "leo nitolewe na mti?"

Ndipo ukaniita mbele ya wote. "Eunike, kitabu chako kinaweza kutuambia kama mti unafika chumbani kwa Mama?"

Nikafunga uzi wenye nati kwenye kipimapembe changu. Nikarudi kinyumenyume kwenye njia iliyokuwa usawa mmoja na shina, nikitazama kilele, mpaka uzi ukaonyesha nyuzi arobaini na tano. Ukifika hapo, umbali wako kutoka kwenye shina ni sawa na urefu wa mti. Tukapima kwa kamba, kisha tukaipeleka kamba ileile upande wa nyumba. Iliishia hatua moja kabla ya ukuta wa Bibi.

"Haufiki," nilisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Baba."

Ukawageukia wale watu. "Basi, Mama abaki ndani."

Msumeno ukanguruma. Nilikaa pembeni nikafungua kitabu, si kwa shaka bali kwa fahari. Nilitaka kuuona tena ule mfano nilioutumia. Kwenye mchoro mtu alisimama akitazama mnara, na mstari haukuanzia miguuni kwake. Ulianzia machoni. Chini yake, kwa maandishi madogo, kitabu kilionya kwamba jibu hilo ni urefu wa kuanzia usawa wa macho, na kwamba lazima uongeze kimo cha mtazamaji.

Nilikuwa nimepima mti kuanzia machoni mwangu kwenda juu, nikakiacha kipande chote cha chini. Na kipande hicho kilizidi hatua moja.

Nilipiga kelele, msumeno ukazimeza. Ulikuwa umenipa mgongo, umeshika kamba ya kuuvutia mti bondeni. Nikakimbia nikakushika mkono.

"Nini?"

"Unafika, Baba! Nimekosea, unafika!"

Ulinitazama usoni. Wakati huohuo shina likalia kwa ndani, kama mfupa unaovunjika. Fundi akatikisa kichwa: mti ukishafika hapo hausimamishwi. Ukamtupia kijana mmoja kamba, ukaingia ndani mbio.

Nilimsikia Bibi akikutukana kwa Kividunda. Mti ukainamia bondeni, ukasita, ukajizungusha kidogo kwenye shina lake kuelekea nyumbani. "Vuta!" fundi alipaza sauti. "Vuta, jamani!" Nami macho yangu yalikuwa mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu. Kisha ukatokea, umempakata Bibi kama mtoto, kanga yake ikiburuzika, naye anakupiga kifuani kwa ngumi.

Mti ukaanguka.

Ukaanguka bondeni, Baba. Hata jani halikugusa bati.

Wale vijana walicheka mpaka wakaketi chini. "Mzee, umemkimbiza bibi wa watu bure!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ulimlaza Bibi mkekani, ukachukua kamba, ukateremka bondeni kuupima mti ukiwa umelala. Ukarudi, ukaishikiza kamba kwenye kisiki, ukaivuta hadi nyumbani na kuipitisha dirishani. Nilikufuata ndani. Ncha yake ilifika juu ya kitanda.

"Siku nyingine pia unikatize," ulisema. "Hata ukiona nimeshika kamba."

Ulipougua, daktari alikuwa akisema harakaharaka, nami nilimkatiza. Nilimrudisha nyuma hadi nikaelewa kila neno. Haikutosha kukubakiza. Tangu tukuzike, Bibi anaishi nami hapa Mikumi, na kuna asubuhi namtazama nikiona uchungu ambao siwezi kumwambia: aliyebebwa yupo, aliyembeba hayupo.

Jana nilikuwa namwogesha. Miaka yote hii hajawahi kuugusia ule mti, isipokuwa kulalamika kwamba wewe ulimgongesha mguu mlangoni. Jana akaniuliza taratibu, "Hivi kweli ungenifika?"

"Ungekufika kitandani, Bibi."

Aliusugua mguu wake ule uliogongwa.

"Basi hakunibeba bure," alisema. "Nami nilimtukana mwanangu mbele za watu. Mwambie."

Nami nimekuambia, Baba. Lala.

Mwanao,
Eunike