Niliyoyaandika Kuhusu Mwavuli wa Osen

Asagaya, Tokyo
Juni 21

Kwako Dada Fumie mpenzi,

Mvua za Juni zimetushukia huku bila huruma, na najua huko Tottori nako hazijawasahau. Uhali gani, dada? Na mgongo wa Shemeji Noboru unaendeleaje? Mwambie asipande ngazi kuyavisha mapea mifuko ya kuyakinga mtini wakati huu wa utelezi. Mapea yakichelewa siku mbili hayafi, bali yeye akianguka tena utamuuguza mpaka Mwaka Mpya. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Habari za moyo ndizo zilizonifanya nishike kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kunihurumia, nami sitaki unihurumie kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Mwezi uliopita uliniuliza kama uende mjini kuitazama filamu ya Mwavuli wa Osen, nikakujibu, "Usijisumbue, dada." Nataka ujue jibu lile lilitoka wapi.

Wewe ndiwe uliyeniambukiza hadithi ile. Nilikuwa na miaka tisa, tukinyang'anyana jarida la manga, zile hadithi za michoro, kila Alhamisi mpaka likachanika katikati, ukabaki na nusu yako nami na yangu. Osen mtengeneza miavuli, mjane wa pua iliyovunjika na vidole vyenye makovu ya kisu, anayewaundia wafu miavuli wavuke daraja la mvua bila kulowa! Na hasira zetu kitabu cha kumi na tisa kilipokatikia pale pale: Osen kasimama darajani na mwavuli mmoja tu, na mbele yake wamesimama wafu wake wawili, mumewe na bintiye. Kisha mchoraji wake, Mwalimu Tatebe, akaugua mikono, asichore tena. Miaka ishirini na miwili tumekaa na swali lile. Wewe kila Mwaka Mpya ukisema atampa mtoto, mimi nikisema mume, hadi mama akaapa kuvitia moto vitabu vyote kumi na tisa.

Basi fikiria nilivyokwenda kwenye onyesho la waandishi wa habari mwezi wa Aprili. Nilikwenda nimekunja uso tayari, sikufichi. Miaka kumi na minne ya kazi ya uhakiki imenilisha filamu nyingi za namna hii, hadithi ya michoro inavishwa watu wenye nyama na damu, na kila mara nyama na damu ndivyo vinavyokosekana. Nilikaa karibu na Bwana Kurihara, yule mzee wa gazeti la jioni, ambaye huja na mto wake mdogo wa kukalia kwa kuwa, asemavyo, makalio yake yameshastaafu, macho tu ndiyo bado yako kazini.

Taa zikazimwa, akatokea Osen. Dada, sijui nikuelezeje. Wigi la zambarau linalong'aa kama ndoo ya plastiki! Kope za kubandika! Pua imenyooka kama rula! Walimpa kazi ile Rinka Mashiba, msichana wa miaka ishirini kutoka kundi fulani la waimbaji, amevaa kimono kisicho na hata doa moja la gundi, na anatengeneza miavuli! Bwana Kurihara akaniinamia akasema, "Huyu mjane amefiwa na nani, na kinyozi wake?" Nikacheka hadi mtu wa mbele akageuka.

Mvua ndiyo iliyonichafua roho kabisa. Katika michoro ya Mwalimu mvua ni mvua tu, na ndiyo maana inatisha. Hawa wameipa macho mekundu na meno. Imekuwa zimwi la kompyuta, la kijivu, linateleza kama uji uliomwagika, linanguruma, na Osen anarukaruka hewani akilipiga kwa mwavuli. Vitabu kumi na tisa vimebanwa ndani ya saa mbili, watu wanakufa kabla hatujawajua majina, na kila anayekufa anapigiwa fidla. Nilijiona kama nimekuta wageni wamelala kwenye kitanda cha marehemu mama na viatu vyao.

Nikaandika. Nadhani ulisoma, maana kila mtu alisoma. Niliandika kwamba wigi ndilo lililoigiza vizuri kuliko wote. Niliandika kwamba mikono ya Rinka Mashiba haijawahi kushika hata ufagio, na kwamba kumpa kisu cha kuchania mianzi ya miavuli ni sawa na kumpa samaki baiskeli. Na mwishoni niliandika mstari ambao watu waliunakili kila mahali: "Mnauliza kuhusu mwisho? Mwisho ni ndugu wa mwanzo, na wote wawili ni yatima."

Kwa siku tatu sikuweza kufungua simu bila kukutana na maneno yangu. Kuna kijana aliyatia kwenye fulana. Mhariri wangu, Bwana Isogai, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kuninunulia hata kahawa, alinipeleka mchana kula samaki mkunga wa kuchoma, akanigonga begani na kusema, "Nagumo, umewachinja! Sasa tafuta mwingine, kisu kikiwa bado kikali." Wahakiki wengine wakafuata njia niliyofyeka, kila mmoja akitafuta tusi ambalo sijalitumia. Mmoja au wawili waliandika kwamba watu wavumilie mpaka mwisho, tukawaita vibaraka wa kampuni ya filamu. Wiki ya tatu filamu ikaondolewa karibu kumbi zote. Nami nilifurahi, dada. Sitajisafisha kwako. Nilitembea nikijiona nimemtetea Mwalimu Tatebe dhidi ya wezi.

Mwanzoni mwa mwezi huu nikapata barua kutoka kwa Mwalimu mwenyewe. Iliandikwa kwa mashine, sahihi tu ndiyo ilikuwa ya mkono wake, mistari inayotetemeka kama mguu wa panzi. Alisema amesoma uhakiki wangu mara kadhaa, ameona kwamba mimi ni msomaji wa tangu utotoni, na angefurahi nikimtembelea anywe nami chai. Nilibusu ile bahasha. Nilijua naenda kushukuriwa.

Nilipanda treni hadi Ome siku ya Jumapili asubuhi, nimebeba boksi la keki za maharage matamu. Anaishi peke yake katika nyumba ndogo yenye harufu ya wino, ingawa wino wenyewe umekauka miaka mingi. Ana miaka sabini na moja na ni mfupi kuliko nilivyodhani. Alisisitiza kunimiminia chai mwenyewe, kwa mikono miwili, nusu ikaenda kwenye sinia, naye akacheka. "Usiangalie pembeni, Bi Nagumo. Hii mikono imeshazoea kutazamwa."

Alianza kwa kuniambia kwamba kuhusu wigi nimesema kweli tupu. Alipoliona mara ya kwanza aliomba maji ya kunywa. Kuhusu zimwi la mvua, alilikataa mara mbili, mara ya tatu akachoka, maana kwenye kikao walikuwa watu kumi na moja na kila mmoja alikuwa na bosi asiyekuwepo. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, najisikia mwerevu.

Kisha akasema, "Ila kuhusu yule mtoto, ulimwonea."

Akanieleza kwamba Rinka Mashiba alikuwa akija pale nyumbani kila Jumanne kwa miezi minne. Hakuna aliyemtuma. Mwalimu alimwitia fundi mzee wa miavuli kutoka Gifu, na msichana akakaa barazani anachana mianzi mpaka vidole vikajaa plasta. Kampuni ikaja ikamfunika makovu kwa vipodozi, kwa kuwa mkataba wake wa kutangaza losheni ya mikono ulikataza alama yoyote. "Wewe ukaandika kwamba haijashika ufagio," akasema. "Aliniletea karatasi hiyo hapa, akauliza kama kweli ameniaibisha. Nikamwambia hapana. Sijui kama aliniamini."

Nilitua kikombe. Lakini hilo halikuwa lililomfanya aniite.

Alisogea karibu, akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa, kama mwanafunzi anayemfuata mwalimu baada ya kipindi. "Nataka uniambie kuhusu mwisho. Nilikubali filamu hii itengenezwe kwa sababu moja tu. Mimi siwezi kuchora tena, na nisingependa kufa na Osen amesimama darajani. Zile dakika ishirini za mwisho niliziandika mwenyewe, na nikawaambia wafanye watakavyo kwingine kote, pale wasiguse. Na nikaomba isitangazwe, ili aliyesoma akutane nayo mwenyewe. Wewe umesoma tangu mtoto, na umesema mwisho ni yatima. Nilikosea wapi?"

Dada Fumie, hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sikuuona mwisho ule. Siku ya onyesho nilitoka. Osen aliporuka kulipiga zimwi mara ya pili nilichukua mkoba wangu, nikamwambia Bwana Kurihara kichwa kinaniuma, nikaenda ng'ambo ya barabara nikala tambi za ngano nyeusi, na pale pale mezani nikaanza kuandika. Mstari wangu uliovaliwa kwenye fulana niliutunga nikiwa na kitunguu mdomoni. Niliuita yatima mwisho nisiouona.

Na mbele ya Mwalimu Tatebe, unajua nilifanya nini? Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nikakohoa, nikavaa sauti yangu ya kazini, nikamwambia kwamba, kwa maoni yangu, mwisho ulikuwa na maneno mengi mno, na kwamba Osen angesema machache uchungu ungezama zaidi.

Akanitazama. Hakukunja uso.

"Bi Nagumo," akasema, "pale hakuna neno hata moja."

Kisha akasukuma kikombe changu karibu nami. "Kunywa. Inapoa."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka nikiwa mlangoni nimepiga magoti kwenye sakafu yake na paji la uso chini, nikisema nilitoka, nilitoka, sikuona, na yeye akinishika kiwiko kwa ile mikono inayotetemeka ananiambia niinuke, nitachafua sketi. Kama angenipiga ningeshukuru. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye alinipa pole.

Siku iliyofuata nilimwambia Bwana Isogai nataka kuandika masahihisho. Akacheka, akidhani ni utani. Alipoona sicheki, alifunga mlango. "Wasomaji hawajali kama ulibaki kitini au ulikwenda chooni," akasema. "Walitaka kucheka, umewachekesha. Unataka kuwaambia kwamba walicheka bure? Nenda nyumbani, pumzika." Nilimtazama meno yake nikaona kinyaa. Halafu nikakumbuka kwamba mkunga ule nilikula mimi, na nilimaliza hadi wali wa chini.

Nikaandika mistari sita nikaiweka mtandaoni kwa jina langu: kwamba nilitoka kabla ya mwisho, kwamba nilidanganya, na kwamba nilisema uongo juu ya mikono ya mtu. Wale wale walionisifu wamenigeukia. Wengine wanasema kampuni imenihonga. Yule wa fulana sasa anauza nyingine, yenye uso wangu. Bwana Isogai ameniambia nisifike ofisini mpaka aniite, na sidhani ataniita. Kwa Rinka Mashiba niliandika barua, ikarudi haijafunguliwa. Ni haki yake.

Na filamu niliitafuta. Ukumbi mmoja mdogo huko Kawagoe ulikuwa bado unaionyesha, saa nne asubuhi, nikawakuta watazamaji wanne. Niseme ukweli: bado ni mbaya. Wigi ni lile lile, zimwi ni uji ule ule, na safari hii sikuwa na mzee wa mto wa kunichekesha. Nilishika vishikio vya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha zimwi likaisha, fidla zikanyamaza, ikabaki mvua, mvua tu, na daraja. Nilikaa mpaka mfagiaji akaja na ufagio wake kuniuliza kama naumwa.

Mwavuli alimpa nani? Sitakuambia. Nimeshamnyima mtu mmoja haki ya mwisho wake, sitakunyima na wewe. Nimepiga simu kila mahali, nikaambiwa kuna ukumbi huko Kurayoshi utakaoionyesha Jumamosi ijayo saa nane mchana, mara moja, basi. Nenda, dada. Nenda na Shemeji, mchukulie mto wa mgongo. Utachukia saa nzima na dakika arobaini. Utataka kusimama, na utakuwa na kila sababu. Usisimame.

Nisalimie majirani wote, na uniwekee ua kwenye picha ya mama. Ukishatoka ukumbini usinipigie simu siku hiyo. Subiri kesho yake, nami nitakuwa nimekaa karibu na simu tangu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu na mwenye kukupenda,

Chiharu