Nyonga ya Mwanao

Nyumbani kwa dada yako,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko melini? Kile kikohozi kimekuachia, na huyo mpishi mkuu bado anakununia? Sisi wazima. Mama yetu anaendelea na dawa ya macho, ingawa jana alimkumbatia mpangaji akidhani ni mimi, na mpangaji hakukataa. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hata sentensi.

Nimechoshwa na nyonga. Mimi, mfuaji wa mashuka ya hospitali, nisiyejua kurusha hata jiwe, leo ukiniamsha usingizini nitakueleza kwamba kwenye besiboli nguvu ya kupiga haitoki mikononi. Mguu wa mbele unakanyaga, nyonga inafunguka kumwelekea mrushaji, mabega yanabaki nyuma kidogo, ndipo mikono na gongo la kupigia vinafuata. Ni kama ninavyokung'uta shuka: nguvu inaanzia kiunoni, ncha inalia mwisho. Bega likikimbia pamoja na nyonga, mpira unadondoka hapo hapo miguuni.

Yote hayo nimeyajua kwa kukusikiliza ukimfokea Chiriku. Tangu mkeo afariki ukaniachia huyu binti, ndiyo malezi yako hayo. Kila Ijumaa tunasogeza meza, mimi nashika simu ya video, yeye anasimama sebuleni na gongo lake, nawe unaanza. Hakuna umekula nini, hakuna shule vipi.

"Bega! Bega limekimbia tena! Nyonga kwanza, mara ngapi nikwambie?"

Mishipa ya shingo imekutoka, mate yanarukia kioo. Kusema kweli unanitia kichefuchefu. Simu yenyewe huwa natamani kuiloweka kwenye dawa ya kuulia vijidudu.

Na mtoto, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu ajue kusema, anajibu tu, "Sawa, Baba." Halafu anakosea vilevile.

Juzi kocha wa timu yao ya besiboli alinisimamisha getini. Timu kubwa inachaguliwa mwisho wa mwezi. Alisema hana mpigaji wa kumfikia mwanao, ila siku hizi bega limeanza kumponyoka hata uwanjani, na likiendelea hivyo atamwacha. Hana wa kumfikia? Huyu huyu wa sebuleni?

Basi jana nikaenda kumchungulia kwenye uzio wa uwanja. Mara ya kwanza akakosea. Ya pili, nyonga ikafunguka, bega likatulia, gongo likafuata, mpira ukavuka paa la stoo. Nilipiga kelele peke yangu kama mwehu.

Jioni nikambana jikoni akimenya viazi. Nikamwuliza kwa nini anajiharibia mbele ya baba yake ilhali anajua. Alimenya kiazi kizima bila kuniangalia.

"Shangazi, nikipatia, Baba atanipigia simu ya nini?"

Nilitoka nje, nikasimama kwenye kamba ya nguo mpaka nikaweza kurudi ndani. Nilikuchukia, mdogo wangu, na sikufichi. Mtoto anakutengenezea kosa ili uwe na cha kumwambia. Sasa kosa hilo limeanza kumganda mwilini, na linaelekea kumnyima kitu pekee kinachomfurahisha.

Ijumaa piga kama kawaida. Meza haisogezwi, na gongo nitalificha. Mwulize kwa nini hasemezani tena na yule rafiki yake wa jirani. Mwulize chochote. Ukitamka nyonga, nakata simu, na usinipigie tena mpaka akili ikurudie.

Mama anakusalimu sana. Mjomba kinyozi naye anakusalimu, na anasema hizo ndevu zako anazoziona kwenye simu zinamtia aibu yeye na kazi yake. Mungu akuepushe na mabaya ya baharini, akulainishie na ulimi. Salamu za Chiriku sikutumii. Mpigie, uzichukue mwenyewe.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Dada yako.