Konsuelo, Jina Nisiloulizwa

Jumapili, Mtoni. Jua linawaka tangu asubuhi, chumba kinachemka, na nje sitoki kwa kuwa arobaini ya uzazi haijatimia. Nina hasira. Naandika kwa kidole kimoja huku mtoto ananyonya.

Mwanangu anaitwa Konsuelo. Sikuulizwa.

Siku ya akika, mimi nikiwa ndani nakandwa maji ya moto, wifi yangu Salha alilitangaza sebuleni, wageni wakapiga vigelegele. Amelitoa kwenye tamthilia ya Kihispania anayoiangalia kila jioni. Kwao mtoto wa kwanza jina linatoka upande wa baba, na shangazi ndiye msemaji. Sawa. Lakini tangu nikiwa mjamzito nilimwomba mume wangu kitu kimoja tu, kwamba akizaliwa wa kike aitwe Faraja. Ni jina la marehemu mama yangu. Hakuacha nyumba wala kiwanja, aliacha jina tu.

Salha alipolisikia alibinua mdomo. "Faraja? Si majina ya wale wamama wanaokaanga mihogo Kimbiji hayo?"

Mama yangu alikaanga mihogo Kimbiji. Salha anajua fika.

Mume wangu alinyamaza. Kesho anakwenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa, na kikishaandikwa Konsuelo, ndiyo basi.

Mchana huu nikaamua kutafuta maana ya jina lenyewe kwenye simu, nikiomba nikute balaa la kumtupia wifi usoni. Yapo majina ya kike ya Kihispania yenye maana ya huzuni, upweke, maumivu. Nilitamani liwe mojawapo. Nikakuta asili yake ni sifa ya Bibi Mariamu kwa Wakristo wa huko, mama anayewaliwaza wenye majonzi. Maana yake ni faraja.

Nilicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Halafu nikalia.

Nikawaita mama mkwe na Salha, nikawasomea. Salha akasema simu zinadanganya. Mama mkwe akaketi kitandani, akaishika simu, akaitazama ingawa hasomi bila miwani.

"Kumbe kitu kimoja," akasema. "Basi mwandikeni Faraja, sie hatujapoteza chochote."

Mume wangu, aliyekuwa mlangoni muda wote, akaitikia haraka kama mtu aliyetolewa mwiba. Sauti ameipata leo.

Kwa hiyo nimeshinda, na wanangoja nishukuru. Namsikia Salha uani akiwaambia majirani kwamba jina kalitoa yeye, sema alilitoa kwa Kihispania.

Simshukuru mtu. Lilipotoka kwa mwanamke wa mihogo lilikuwa haliwafai, lilipopitia Uhispania likawa zuri. Sitasahau hilo, wala sijaribu kusahau.

Mwanangu akianza kuelewa maneno nitamwambia jina lake ni la nani na huyo mtu alikuwa anauza nini. Nitamwambia huku shangazi yake amekaa pale pale, anasikia.