Sato Waliokatwa Pezi

Dada Leticia, shikamoo. Huku Kamanga joto ni la kukaangia dagaa, lakini mdogo wako yu mzima, tena ana maringo.

Nilimkuta Mjomba Masanja na koleo mkononi, anataka kufukia bwawa lake. "Hawa ndege mnandi wamenimalizia sato. Waliobaki hata hamsini hawafiki." Nikamwomba wiki mbili nimhesabie waliobaki. Nikavua sato thelathini, nikamkata kila mmoja ncha ya pezi, nikawarudisha majini wachanganyike na wenzao.

Siku ya tatu nikakuta sato wanne wenye alama wanaogelea kwenye pipa. Mjomba alikuwa amewanasa kwa ndoano akitafuta kitoweo. Unajua tena, kwao ng'ombe aliyekatwa sikio ana mwenyewe. "Mpwa wangu, chukua mifugo yako. Mimi si mwizi." Nikawarudisha, nikamweleza upya.

Wiki mbili zilipotimia nikavua thelathini tena. Wenye alama walikuwa watatu tu, yaani mmoja katika kila kumi. Basi wale thelathini wangu wa kwanza nao ni sehemu moja ya kumi ya wote. "Bwawani wamo kama mia tatu," nikasema. Mjomba akacheka: "Na shule uliishia la saba!"

Leo tumekausha bwawa, majirani wanahesabu kwa sauti. Mia mbili themanini na saba! Mjomba akanipa mkono mbele ya watu, na koleo limerudi stoo.

Kesho nahesabu bwawa la jirani, ambaye tayari ameniambia jibu analolitaka. Wabusu watoto, Mungu awalinde.

Mdogo wako, Deus