Chemchemi ya Shangazi Épiphanie

Kabuga, Kigali
28 Agosti 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Jean-Berchmans,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Gasana na za watoto. Natumaini wewe na wifi Natacha hamjambo huko Bujumbura. Sisi miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa.

Umeniuliza mara tatu kwa nini Shangazi Épiphanie hapokei simu, nami nikasingizia chaji. Nisamehe. Shangazi hakai tena Rwamabuye. Tangu Machi yuko kwangu, chumba cha nyuma.

Mwaka jana wilaya ilitafuta mahali pa dampo jipya la taka. Vikabaki vilima viwili: Rwamabuye kwa Shangazi, na Kibare, hiki chetu, ambapo mimi na Gasana tulikuwa tumemaliza tu kuezeka nyumba. Mkutano ukaitishwa. Afisa aliyetumwa, Bwana Twagirayezu, alieleza kwa upole kwamba penye maji ya kudumu hapatachaguliwa. Shangazi akasimama, akasema chemchemi iliyo chini ya shamba lake haijawahi kukauka tangu turudi kutoka Burundi. Watu wakacheka, wakasema bibi anatetea migomba yake.

Rwamabuye ikachaguliwa. Nilimwandikia malalamiko kwa mkono wangu, kurasa mbili, akaweka dole gumba. Wakajibu kwamba uchunguzi ulikwisha kufanyika. Siku tingatinga lilipokuja, alichota jerikani moja ya maji, akaibeba kichwani hadi barabarani, akakataa kusaidiwa. Fidia alipewa, siwezi kusema hakupewa. Lakini chakula anakigusa tu, na maji ya bomba anasema hayana ladha. Kila jioni hunishika mkono na kuniambia, "Mungu akubariki mwanangu, wewe peke yako ulinipigania."

Kaka, neno hilo linanichoma, na sababu sijamwambia mtu, hata Gasana.

Unajua mimi ni katibu wa mudugudu wetu, kijiji hiki cha Kibare. Wiki mbili baada ya ule mkutano, Twagirayezu alipita dukani kwangu. Aliniuliza, kwa kuwa nazijua pande zote mbili, kama kweli ile chemchemi haikauki. Ilikuwa msimu wa mvua, kila mahali maji, asingeweza kujionea. Mimi nilijua. Nimechota pale Agosti nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nikatazama mabati yangu mapya, nikamjibu, "Inakauka kila Julai." Akaandika, akaniomba nitie saini. Nikatia.

Wiki iliyopita nilikwenda Rwamabuye. Malori yameanza kumwaga. Na chini ya kilima, katikati ya kiangazi hiki, maji bado yanatoka, na wanawake wa bondeni bado wanachota. Niliwaambia wasinywe. Wakaniuliza nani kasema. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu nitakwenda wilayani kuifuta saini ile kwa mdomo wangu, hata wakinifunga. Kabla ya hapo, Jumapili baada ya misa, nitamwambia Shangazi. Nakuomba uwepo. Atahitaji mkono wa kushika, na sidhani atautaka wangu.

Msalimie wifi na watoto wote, na uwaombe wasinihukumu kabla hatujaonana.

Ni mimi mdogo wako,
Belyse