Kisanduku Kilichoganda

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi ya mawingu, manyunyu, baridi. Dereva wa hospitali ameleta kisanduku namba saba ndani ya mfuko wa nailoni. Ni kimoja cha vile tunavyounda hapa karakana: hupima joto la kitanda cha mtoto njiti, na hulia likishuka. Hiki hakikulia. Kilionyesha 36.5 usiku kucha huku kitanda kikipoa. Mtoto amefariki. Muuguzi wa zamu amesimamishwa kazi — eti alisinzia. Anahojiwa Ijumaa. Dereva anasema muuguzi huyo anaapa hakufumba jicho, alikuwa akiangalia namba.

Betri ya ndani bado hai. Kipo mezani pangu, kwenye baridi hii, na bado kinasema 36.5!

Fundi Mkuu hataki maneno mengi. Futa, pakia programu upya, kirudi leo leo. Nikamwambia tukifuta hatutajua kamwe. "Binti, una kichwa kigumu kama marehemu baba yako." Kanipa siku mbili.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Nimeanza kikao na wakala wa akili bandia, ile programu mpya ya kompyuta inayotafuta hitilafu yenyewe. Mara yangu ya kwanza. Nikaandika kila hatua daftarini: waya wa uchunguzi, aina ya chipu, tundu la kompyuta. Kabla ya kuanza ikauliza: niwashe kifaa upya? "Ndiyo" ilikuwa imeshachaguliwa. Kidole kilikuwa hewani — kuwasha upya kungefuta ushahidi wote! Hapana. Soma tu, usiguse.

Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, akacheka: naiogopa mashine kama mkwe.

Saa tano ikaleta jibu. Programu ilikwama ikisubiri kihisi cha joto kijibu. Kukwama hutokea. Lakini mlinzi — kile kihesabio kinachowasha kifaa upya kikikwama — alikuwa amezimwa. Ikataja mstari wa programu uliomzima, na tarehe, na aliyeuandika.

Mimi.

Nakumbuka. Huwa tunamzima mlinzi mezani ili asitukatize tukipima, na tunabandika utepe mwekundu juu ya kifaa mpaka tumrudishe. Siku ile utepe ulikuwa umeisha. Nikajiambia nitakumbuka. Nikasaini: kimepimwa, kiko sawa.

Sikula.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua imekatika. Fundi Mkuu alisoma ripoti akiwa amesimama. Akafunga mlango. Kikao ni chako na mashine, akasema, hakuna mwingine aliyeona. Kifunge kimya kimya. Watu kumi na wawili wanakula hapa, unataka wakae nyumbani watazamane? Nikasema muuguzi naye ana wanaomtegemea. "Basi nenda kawalishe wewe!"

Jioni nikapata namba ya muuguzi kwa dereva. Nilikuwa nimeandika ya kusema, nusu ukurasa. Nikampigia, nikayasoma yote: kisanduku kiliganda, kosa ni langu, kesho nitakuja kwenye mahojiano kuwaambia hivyo. Nikangoja matusi.

Akauliza: "Na vile tisa vilivyobaki wodini?"

Mungu wangu. Programu ni ile ile, tuliinakili kwenye vyote. Tangu jana ninahesabu dhambi yangu, visanduku sikuvihesabu!

Nikapiga wodini. "Vyote vinasoma vizuri, dada," akasema muuguzi wa zamu ya leo. Nikamwomba asivitazame kabisa. Achukue kipimajoto cha mkononi, apime watoto mmoja mmoja, kila saa. Wote tisa? Wote. Yuko peke yake, akasema, na kipimajoto ni kimoja. Kisha akauliza mimi ni nani hata nimpangie kazi. Nikamtajia jina, na kazi yangu, na kwamba saini ile ni yangu. Akashusha pumzi. "Haya. Naanza na wa dirishani."

Saa tatu: wote sawa. Saa nne, sawa. Saa tano, sawa. Saa sita hakupokea. Saa saba akapokea mwanamume nisiyemjua, anahema: muuguzi yuko na mtoto, usipige sasa.

Nimejilaza saa tisa kasoro robo, viatu mguuni; ni mtoto yupi, na yu hali gani, sijui, na kukicha naenda kwenye mahojiano.