Anga Juu ya Uani Kwetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapo kwako hawajambo? Shemeji mpe salamu zake, na wapwa zangu uwabusu wote sawasawa wasije wakagombana. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Baba anakula vizuri, ila miguu ndiyo imegoma kabisa. Mwezi wa nne huu yumo katika wodi ile ile, na dirisha lake linatazama ukuta.

Jambo lenyewe limenishinda kulisema kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Unamjua Baba. Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minne hawezi kuridhika na ukuta. Kila nikienda kumwona alikuwa akilalamika kwamba amesahau nyota. Basi nikampelekea kompyuta yangu, yenye ile programu ya anga ninayofundishia wanafunzi. Akaitazama, akaguna. Alisema nyota ni zenyewe, lakini hilo bonde la nyasi walilolichora chini yake si kwao mtu yeyote. Anga bila uani kwake ni kofia bila kichwa.

Programu ile inakubali uiongezee mandhari yako mwenyewe, na picha nilikuwa nazo. Asubuhi ile kabla tingatinga halijafika kubomoa nyumba yetu kupisha barabara, nilisimama katikati ya uani, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, nikaizungusha kidogo kidogo hadi nikarudi nilipoanzia. Picha ishirini na nne. Nikaziunga zikawa moja ndefu: mlango wa jiko, kamba ya nguo, tangi la maji la jirani, ukuta, geti. Kisha nikaifuta mbingu ya picha, nikipita taratibu kando ya kila waya wa umeme, ili nyota za programu zionekane nyuma yake. Siku tisa, Dada. Na kwa kuwa tuliahidiana Baba asijue chochote mpaka apate nafuu, nikaifuta pia ile X nyekundu ya kubomolewa waliyoipaka ukutani watu wa barabara.

Jumatano alasiri muuguzi alituvutia pazia, nikaifungua programu. Baba aliipitia picha polepole, kutoka jiko hadi geti. Kisha akasema geti limekaa vibaya chini ya nyota zake. Kaskazini yangu imepotoka nyuzi kumi hivi. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikabadilisha namba moja kwenye faili, uani wote ukazunguka, geti likakaa mahali pake, na mwezi ukachomoza juu ya tangi la jirani. Akataka nisogeze picha karibu, aone kila kitu.

Ndipo akaiona. Nyuma ya kamba ya nguo, kwenye nguzo ya jiko, palikuwa na X nyingine, ndogo, iliyonipita. Baba mwenyewe, katika kazi yake, amezipaka alama hizo kwenye nyumba za watu wengi. Akaniuliza, "Wamebomoa lini?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Haukutoka. Nikamwambia yote, hadi tarehe, na kwamba mimi na wewe tulijua. Nisamehe, Dada. Ahadi yetu nimeivunja mimi.

Hakupaza sauti. Aliniambia nifunge kompyuta niende. Siku mbili hakutaka kuniona. Jana akaniita, akasema kila nyumba aliyoipaka rangi alibisha hodi kwanza, akamwambia mwenyewe uso kwa uso. Wengine walimtukana, wengine walimpa kiti. Kinachomuuma si nyumba, bali wanawe kumfanya mtu wa kufichwa. Akaniamuru niirudishe ile X niliyoifuta, kwa sababu ramani haidanganyi hata kwa huruma. Leo asubuhi nimeirudisha.

Amenikataza kukulazimisha umpigie, nami sikulazimishi. Ila simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili ikilia, Baba huacha kula akasikiliza.

Salamu zangu kwa wote wa hapo kwako, wakubwa kwa wadogo. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba